Watoto wadogo ndani ya meli kubwa ya kitalii: tutawasilianaje nao?

Mama wa Jang'ombe (muulizaji)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi wa Disemba, skuli zitakapofungwa, tuna safari ya siku saba kwa meli ya kitalii, inayoanzia Dubai na kupita Abu Dhabi na Doha kabla ya kurudi ilikoanzia. Kaka yangu anayefanya kazi huko ndiye aliyetulipia sote: mimi, baba watoto, mama mkwe wangu, na watoto wawili, wa kiume mwenye miaka minane na wa kike mwenye mitano. Zawadi hiyo naishukuru sana, lakini tangu tiketi zithibitishwe nalala na kuamka na suala moja tu, nalo ni namna ya kuwasiliana na watoto hawa tukishakuwa ndani.

Hofu yangu ina sababu. Mwaka jana tulipokuwa tukirudi kwa boti kutoka Dar es Salaam, binti yangu aliniponyoka wakati natafuta tiketi mkobani, na kwa muda wa kama robo saa hatukumwona. Tulimkuta sitaha ya juu, amekaa kimya ubavuni mwa mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu ambaye hatukumjua, kiatu kimoja amekishika mkononi, na cha pili hatujakiona mpaka leo. Boti ile haikuwa kubwa, na abiria karibu wote walikuwa wakizungumza Kiswahili. Meli tunayokwenda kupanda ina sitaha zaidi ya kumi na tano, na Kiingereza cha binti yangu ni cha kuhesabu mpaka kumi na kutaja rangi.

Watoto hawana simu, wala sikusudii kuwanunulia. Nimeambiwa kuna klabu ya watoto ambamo huachwa wakacheza, lakini sielewi nitajuaje iwapo mwanangu analia au ananihitaji wakati mimi niko mahali pengine melini. Na je, simu zetu wenyewe zitafanya kazi katikati ya bahari? Mwenye uzoefu anisaidie, tafadhali.

Kijana wa Makunduchi

Wa alaykum salaam dada. Nilifanya kazi ya kuhudumia vyumba katika meli za aina hiyo kwa mikataba minne kabla sijarudi nyumbani, kwa hiyo nitakueleza mambo kama yanavyoonekana upande wa wafanyakazi.

Nianze na simu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Meli ikishatoka kiasi cha maili 12 za baharini kutoka pwani, mnara wa simu wa meli yenyewe huweza kuwashwa, nao hupitisha mawasiliano kwa setilaiti. Simu yako ikiukamata mnara huo inaweza kutozwa kwa bei ambayo vifurushi vyetu vya nyumbani havina habari nayo. Kwa hiyo, kabla meli haijang'oa nanga, kila mwenye simu aiweke katika hali ya ndegeni kisha awashe Wi-Fi peke yake. Kampuni nyingi za meli hizi zina programu ya simu ambayo hufanya kazi kwa mtandao wa ndani ya meli bila ya kununua intaneti, na nyingi ya programu hizo zina sehemu ya kutumiana ujumbe kati ya abiria. Kwingine huduma hiyo ni bure na kwingine hulipiwa. Ipakueni mkiwa bado nyumbani, maana siku ya kupanda maelfu ya watu huwa wanajaribu jambo hilo hilo kwa wakati mmoja.

Lakini programu itakuunganisha na mumeo, si na mtoto wa miaka mitano. Mtoto huyo mawasiliano yake ni watu, na hao ni wafanyakazi wa klabu. Nendeni klabuni siku ya kwanza, tena mapema, mkaandikishe watoto wote wawili. Klabu hugawa watoto kwa umri, na mara nyingi wenye miaka mitatu hadi sita huwa mbali na wenye saba hadi kumi na mmoja, kwa hiyo msitegemee kwamba kaka atamwangalia dada yake. Mtoto mdogo hatolewi isipokuwa na mtu aliyeandikwa kwenye orodha, na meli nyingine huongeza neno la siri. Mwandikisheni na bibi yao pia. Kisha uliza suala hili moja mpaka ulijibiwe kwa ukamilifu: "Mwanangu akinihitaji, mtanipata kwa njia gani?" Baadhi ya meli hutuma ujumbe kwenye programu, nyingine humkopesha mzazi simu ndogo ya ndani, nyingine hupiga chumbani. Kama wao wanapiga chumbani na wewe umekaa penye bwawa, hakuna mawasiliano hapo, kuna matumaini tu.

Waeleze pia kwamba binti hajui Kiingereza. Wafanyakazi hutoka nchi nyingi, na nimewahi kuitwa mara mbili kutoka kwenye kazi yangu ili nikamsemeze mtoto wa Kiswahili ambaye hakuna aliyemwelewa; mmoja wao alikuwa anataka kwenda chooni, basi, na kwa kuwa watu wote walikuwa wakimbembeleza kwa midoli, alizidi kulia. Mfundishe sentensi tatu za Kiingereza: anataka choo, anamtaka mama yake, na namba ya chumba chake. Fomu ya kuandikisha huwa na sehemu ya vyakula asivyokula, kwa hiyo suala la nguruwe liandikwe hapo, lisiachwe lisemwe kwa mdomo.

Likitokea la kutokea na mtoto akapotea, usianze kukimbia. Mwambie mfanyakazi yeyote aliye karibu, hata anayefuta vioo, kwa sababu wakubwa wake wana redio na taarifa husambaa haraka kuliko miguu yako. Kila asubuhi mpige picha kabla hamjatoka chumbani. Mzazi aliyetaharuki hakumbuki rangi ya nguo, na hilo nimelishuhudia zaidi ya mara moja. Ama kutoka nje ya meli, hilo lisikunyime usingizi, maana mlangoni kila kadi ya abiria husomwa na picha ya mwenye kadi hutokea mbele ya mlinzi.

Mama Wete

Dada, sisi tulikwenda safari kama hiyo, pia kutoka Dubai, na nitakuhadithia tulivyokosea ili nyinyi msirudie.

Mume wangu alinunua redio mbili za mkononi, za kuongeleana, katika soko la Darajani, akaamini kwamba amemaliza kazi. Nyumbani zilifanya kazi vizuri kutoka barazani mpaka mwisho wa mtaa. Melini, mimi nikiwa sitaha ya sita na yeye ya kumi na nne, tulichosikia ni mkwaruzo tu, kwa sababu kati yetu palikuwa na sakafu nane za chuma. Juu ya hayo, redio ni chombo kinachohitaji kibali katika nchi nyingi, na uwanja wa ndege tulisimamishwa tukahojiwa kwa muda mrefu. Vile vidude vya kufuatilia mizigo ambavyo watu huwatilia watoto mfukoni navyo visikuhadae: hutegemea simu za watu wengine zilizo karibu na zenye intaneti ili kutuma mahali vilipo, na hata vikifanya kazi haviwezi kukuambia kwa uhakika mtoto yuko sitaha ya ngapi.

Kilichotufaa ni karatasi na penseli. Kuta za vyumba vya meli nyingi ni za chuma, kwa hiyo sumaku mbili ndogo, zile za kubandika kwenye friji, zilitosha kushikilia karatasi karibu na mlango. Kila aliyetoka aliandika anakwenda wapi na atarudi lini. Kwa mdogo asiyejua kusoma tulichora: wimbi lilikuwa bwawa, sahani ilikuwa mkahawa.

Sasa nikuonye juu ya saa, maana hapo ndipo tulipoumbuka. Nilimwambia mwanangu, wakati huo ana miaka tisa, tukutane chini ya ngazi kuu saa kumi. Alikuwa amevaa saa ya namba mkononi. Nilisimama pale dakika tano, kumi, ishirini. Nikapanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakanigomea. Yeye yuko sitaha ya juu anacheza mpira wa meza kwa utulivu kabisa, kwa kuwa saa yake ilikuwa inaonyesha 4:00 na alikuwa anasubiri ionyeshe 10:00. Nilitaka kumgombeza, nikakosa pa kuanzia, maana kosa lilikuwa langu. Ratiba za meli, saa za ukutani na wafanyakazi wote huhesabu kwa mtindo wa Kizungu, nasi tulikuwa tunazungumza Kiswahili. Tangu siku hiyo tulitaja wakati kwa namba zinazoonekana kwenye saa, au kwa vyakula: "baada ya chakula cha mchana" haina tafsiri mbili.

Isitoshe, tulipofika Doha simu yangu ilijirudisha nyuma saa moja, kwa kuwa Doha wanatumia saa ile ile ya kwetu Zanzibar ilhali Dubai wako mbele kwa saa moja, na meli yetu ilibaki na saa ya Dubai. Mvalishe mwanao saa ya kawaida ya mkononi isiyounganishwa na chochote, na wewe fuata saa ya meli. Kwa upande wa kaka yako, mwambie mapema kwamba mkiwa Dubai asitegemee kukupigieni kwa WhatsApp, maana kule simu za sauti za aina hiyo zimezuiwa. Ujumbe wa maandishi hupita.

Mzee wa Mkoani

Wanangu, haya mliyoyaeleza ni mazuri. Mimi nitaongeza mambo mawili ya baharini, kwani nimekuwa chomboni tangu enzi za majahazi.

La kwanza, wafundisheni watoto omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo. Mtoto aliyepotea katika meli kubwa mara nyingi hajapotea mbali; amegeuka tu akaelekea tezi akidhani anakwenda omo, na korido zote zinafanana. Katika baadhi ya meli zulia la korido limechorwa samaki, na samaki wote wanaogelea kuelekea omo. Muulizeni mfanyakazi kama yenu ina alama ya namna hiyo, kisha mtembezeni mtoto kutoka chumbani mpaka klabuni na kurudi, na safari ya tatu atangulie yeye nanyi mfuate nyuma bila ya kusema neno. Namba ya chumba nayo kwa kawaida huanza na namba ya sitaha, na hilo mtoto wa miaka minane atalikamata kwa siku moja.

La pili ni mlio wa dharura: milio saba mifupi na mmoja mrefu. Baada ya ile ajali ya meli ya kitalii Costa Concordia kule Italia, Januari 2012, kanuni za kimataifa zilirekebishwa, na tangu 2015 zoezi la kukusanyika hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Siku hizi meli nyingi huonyesha maelezo kwenye simu, kisha abiria huenda kujiandikisha tu kwenye kituo chao cha kukusanyika. Msiende wakubwa peke yenu. Wapelekeni watoto kwa miguu mpaka pale, wapaone, waguse ukuta. Kisha ulizeni klabuni: mlio ukilia watoto wakiwa huko, wanaletwa kituoni au mnakwenda kuwachukua? Utaratibu hutofautiana meli na meli, na mzazi anayepanda ngazi kumfuata mtoto aliyekwisha kuteremshwa anawazuia wengine na anampotea mwanawe. Bangili ambayo watoto huvishwa huwa na namba ya kituo hicho. Isivuliwe hata wakati wa kuoga.

Wazee walisema, tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani chini ndani ya chombo. Familia yenu nayo iwe na ngama yake, mahali pamoja pasipobadilika siku zote saba, ambapo yeyote asiyemwona mwenziwe anakwenda hapo na kukaa. Kwa yule wa miaka mitano, hata hapo asiende peke yake. Akibaini yuko peke yake asimame palepale alipo mpaka mtu mzima mwenye sare amfikie.

Mama wa Jang'ombe (muulizaji)

Nawashukuru nyote, na Mzee shikamoo. Limebaki jambo moja ambalo sikulieleza vizuri. Mama mkwe wangu hasomi, na simu yake ni ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo programu na karatasi za mlangoni hazimhusu. Naye ndiye watoto wanayemkimbilia kuliko mimi.

Mama Wete

Basi ngama mmeshaipata, dada. Bibi achague kiti chake siku ya kwanza, kwenye sitaha ambayo watoto watakuwa wakipita, mahali penye kivuli na karibu na choo, na akae hapo kila siku kuanzia baada ya chakula cha asubuhi mpaka mchana. Watoto ndio watakaomfuata yeye; hatakiwi kusoma wala kubonyeza chochote. Kwa wakati mnapokuwa vyumbani, simu za kutoka chumba hadi chumba kwa kawaida ni bure, na mnaweza kumwandikia namba ya chumba chenu kwa tarakimu kubwa na kuibandika juu ya simu yake, kwani wengi wasiosoma wanazijua tarakimu vizuri kwa sababu ya fedha. Mama yangu tulipokwenda naye alitandika kanga yake kwenye mgongo wa kiti, na wanangu waliiona tangu wanapotoka kwenye lifti.

Mama wa Jang'ombe (muulizaji)

Tarakimu anazijua, tena kuliko mimi. Nimemsomea majibu yenu yote jioni hii, na hilo la kiti limemfurahisha mno. Ameshatoa kanga tatu sandukuni, na binti yangu amemchagulia ile nyekundu yenye mikorosho, kwa sababu nyekundu ni rangi anayoweza kuitaja kwa Kiingereza.