Nakshi za mababu wa Indonesia: msanii wa leo aombe ruhusa au achukue tu?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Desemba 2022 mtoto wa Joko Widodo, rais wa Indonesia wa wakati ule, alifunga ndoa, na sherehe mojawapo ikafanyika katika kasri la Mangkunegaran mjini Solo. Wageni waliombwa wasije na batiki ya parang. Parang ni ile milia ya mshazari, S imeshikana na S mpaka mwisho wa kitambaa. Katika makasri ya Java ya kati lilikuwa vazi la mtawala na ukoo wake, na tangu karne ya 18 watu wa kawaida walikatazwa kulivaa huko. Sasa toka nje ya geti, nenda soko la Beringharjo pale Yogyakarta: parang imejaa kwenye mashati ya ofisini, foronya na mikoba. Wabunifu wa leo wanaikata, wanaigeuza, wanaitia rangi ya waridi.

Je, ni sawa?

Mimi nasema nakshi iachwe huru. Kinachostahili kulindwa ni kazi ya mkono pamoja na jina lake. Hiyo "asili" tunayotaka kuizungushia ukuta haijawahi kuwa safi. Mawingu ya mega mendung ya Cirebon yana damu ya Kichina. Pekalongan, mji wa batiki wa pwani ya kaskazini, ulipata maua yake ya mashada kwenye karakana za wanawake wenye asili ya Kiholanzi, akina Eliza van Zuylen. Wajapani walipoitawala Java, 1942 hadi 1945, ikazaliwa batiki ya Hokokai iliyosheheni vipepeo na maua. Miaka ya 1950 Rais Sukarno alimtaka Go Tik Swan, Mjava wa asili ya Kichina, atengeneze batiki ya taifa zima. Akachukua nakshi za makasri akazichanganya na rangi kali za pwani. Leo zote hizo ni urithi. Wangesubiri ruhusa, wangekuwa wanasubiri hadi leo.

Lakini mkono ni habari nyingine. Mtazame mama wa Kijava na canting, kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba na mpini. Anachota nta ya moto kwenye karai, anapuliza mdomo usizibe, anachora. Akimaliza upande mmoja anakigeuza kitambaa na kupitia mistari ile ile upande wa pili, ndipo kitambaa kiende kwenye rangi. Kitambaa kimoja kinaweza kula miezi. UNESCO iliitambua batiki ya Indonesia tarehe 2 Oktoba 2009, na kazi hii ndiyo moyo wake. Kitu kilichopita kwenye mashine kikatoka na mistari ya parang kiitwe kitambaa chenye picha ya batiki, basi.

Karibuni, mnipinge kwa hoja.

Fundi batiki, Morogoro

Mleta mada, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kulipa kodi ya fremu.

Sisi huku batiki yetu hata jina tumelipata kwao, kwa hiyo siwezi kumkatalia mtu kuazima. Nayeyusha mishumaa, nagonga kwa mihuri ya mbao na sponji, natumbukiza kwenye rangi, nachemsha nta itoke. Kuna mwaka nilichora nakshi ya korosho na majani yake, ikapendwa kweli. Msimu uliofuata nikaikuta kwenye kitenge cha kiwandani, rangi zile zile, bei nusu ya yangu. Mteja ananiambia, "Dada, mbona hii yako ghali?" Mkono wangu hakuuona. Aliona korosho.

Ndiyo maana hiyo "nakshi huru" yako inanitia wasiwasi. Itakuwa huru kwa mwenye mashine.

Mzee wa leso, Mombasa

Huyu bibi asema kweli, na si jambo jipya. Waholanzi waliitazama batiki ya Java karne ya 19 wakaitengenezea mashine kwao Uholanzi, wapate kuwauzia Wajava wenyewe kwa bei rahisi. Biashara haikushika Java, ikashika Afrika Magharibi. Kiwanda cha Vlisco pale Helmond, kilichoanza 1846, chapiga vitambaa hivyo hadi leo. Vitenge tuvaavyo harusini, ukivifuata nyuma, vyatokea njia hiyo. Sasa nani amwombe nani ruhusa hapo? Mjava amdai Mholanzi, au amdai mamangu?

Mwanafunzi, Yogyakarta

Shikamooni wakubwa. Niko huku nasoma, naomba niongezee mawili.

Kwanza sheria. Sheria ya hakimiliki ya Indonesia ya 2014, namba 28, inasema hakimiliki ya sanaa za jadi iko mikononi mwa dola. Kijiji hakitajwi kama mwenye mali, wala kasri. Msanii akibuni batiki mpya, hiyo analindiwa kama kazi yake. Kwa hiyo lile ombi la Solo lilikuwa adabu, hakuna wa kukufunga kwa kuvaa parang. Ila mwaka 2008 fundi mmoja wa fedha wa Bali alifikishwa mahakamani akidaiwa kunakili nakshi iliyosajiliwa na kampuni, nakshi ambayo mafundi wenzake walisema ni ya mababu zao. Mahakama ilimwachia, lakini wafua fedha kisiwani waliingiwa na hofu. Uhuru usio na ulinzi una mlango wa nyuma, na anayeupitia ni mwenye wakili.

La pili ndilo linaloivunja hoja ya mleta mada. Nenda Troso, kijiji cha wafumaji huko Jepara. Wanafuma ikat, yaani vitambaa ambavyo nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, zenye nakshi za kisiwa cha Sumba: farasi, kulungu, mti wa mafuvu. Hawatumii mashine ya umeme, ni vitanda vya kufumia vya kukanyaga kwa mguu. Kazi ya mkono kabisa! Vinauzwa Bali kwa watalii kama vitambaa vya Sumba. Kule Sumba kwenyewe mama anachimba mizizi ya mkudu apate wekundu, anasubiri majira ya mnili apate bluu, anafunga nyuzi fundo kwa fundo kabla hata hajaanza kufuma. Kitambaa hicho ndicho wanachomfungia maiti wa heshima, na zipo nakshi ambazo zamani zilikuwa za koo za kifalme tu. Mkono upo pande zote mbili, kaka. Sasa utamlinda nani?

Mleta mada

Mwanafunzi, hapo umenibana, ila hujanitoa. Hao wafalme wa Sumba nakshi zao kubwa walizitoa wapi? Nyingine ni patola, hariri za Gujarat zilizoletwa na wafanyabiashara. Simba wa nembo ya Uholanzi naye yumo kwenye vitambaa vya Sumba, tena amekaa vizuri tu. Hawakuomba ruhusa India wala Amsterdam.

Mfumaji wa Troso ana watoto wa kulisha, na kufuma farasi si dhambi. Uongo unaanza pale muuzaji wa Bali anaposema "hiki cha Sumba". Kibandike jina la Troso, mnunuzi achague. Sikka, kisiwani Flores, walisajili ikat yao kwa jina la mahali mwaka 2017. Na tangu 2007 wizara ya viwanda ina alama ya Batikmark, rangi ya dhahabu ikiwa ya batiki iliyochorwa kwa canting. Njia ipo.

Mwanafunzi, Yogyakarta

Njia ipo, wapitaji wachache. Beringharjo nimezunguka sana, hiyo alama sikutani nayo. Wauzaji wenyewe wanatufundisha mbinu nyingine: geuza kitambaa. Kama upande wa nyuma umefifia, ujue kimechapwa. Halafu nusa, cha nta kina harufu yake.

Bado nashikilia kwamba nakshi za mazishi za Sumba zisiguswe bila kuongea na wenyewe. Parang, hewala, hiyo imeshatoka nje ya geti.

Fundi batiki, Morogoro

Mwanafunzi, hizo canting zinauzwaje huko? Ukirudi likizo niletee tatu, za mdomo mwembamba kabisa. Pesa yako utaikuta. Na huyo mleta mada akipita Morogoro namkaribisha fremu, alete na hiyo lebo yake ya dhahabu tuone kama itamzuia mteja kuniomba nipunguze bei.