Mjadala: Bustani na vyoo vya manispaa, apewe mzabuni au idara ifanye yenyewe?

Mleta Mada
Wakuu, salaam. Manispaa nyingi za Tanzania zimeshakabidhi vyoo vya stendi na sokoni kwa wazabuni. Mzabuni anailipa manispaa kila mwezi, anakusanya hela mlangoni, usafi juu yake. Bustani ndizo zimebaki kwa vibarua wa idara, na sasa yanavuma maneno kwamba nazo zikodishwe kwa kuwa idara imeshindwa. Mimi napinga, ila tujadili kwa hesabu.

Chukua maji tu. Ukoka wakati wa kiangazi huku pwani unataka kama milimita 5 kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bustani ya ekari moja ina mita za mraba kama 4,000, kwa hiyo ni lita 20,000 kila siku, maboza mawili ya lita elfu kumi. Nani atanunua maji hayo kwa mapato ya vibanda viwili vya soda? Atakachofanya kinajulikana: geti, turubai, viti vya harusi, spika. Nyasi zikifa anamwaga kokoto. Mwaka wa pili hiyo si bustani tena, ni ukumbi.

Mtu wa Zabuni
Mkuu, umechanganya mikataba miwili. Kuna kukodisha, mzabuni anakulipa wewe. Na kuna kununua huduma, wewe unamlipa yeye. Hofu yako yote ni ya ule wa kwanza. Mimi natetea wa pili.

Na huo wa pili unaharibika pale BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) inapoandikwa mstari mmoja: "kutunza mazingira ya bustani, kwa mwezi, jumla". Hapo utamkata hela kwa kosa gani? Andika hivi: nyasi zisizidi sentimita 7 siku yoyote ya ukaguzi, kipimo mita ya mraba, mapipa ya taka yasijae zaidi ya robo tatu, kipimo pipa, taa zinazowaka saa mbili usiku, kipimo taa. Mkaguzi anakwenda bila taarifa, anapima sehemu kumi kwa rula, sehemu tatu zikizidi, malipo ya nyasi ya mwezi huo yanapungua asilimia 30. Kazi yenyewe wapeni vijana na akina mama wa mtaa, sheria imeshatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu. Vikundi vya kufagia na kufyeka vipo mitaani.

Fundi Bomba
Nyasi mmezisemea, ngoja niseme vyoo, maana ndiko maji yanakopotelea.

Kinachokufa kwanza kwenye choo cha umma si sinki. Ni boya la tangi na washa ya koki. Boya likishindwa kufunga, maji yanapita kimya kwenye bomba la ziada, huoni tone sakafuni. Ukitaka kujua, dondosha rangi ya chakula ndani ya tangi, subiri dakika 15 bila mtu kuflashi. Rangi ikitokea bakulini, vali ya chini inavuja. Kama ni boya, fungua kifuniko utaona maji yamefika mdomo wa bomba la ziada. Uvujaji wa lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, zaidi ya 43,000 kwa mwezi, kwa tundu moja. Bili ikija wanasema wananchi wanaharibu maji.

Kwa nini halitengenezwi? Fundi wa manispaa anaandika ombi, linakwenda kwa mkuu wa idara, kwa afisa manunuzi, linaingia NeST (mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni), inatoka LPO (hati ya kuagiza bidhaa), duka halitaki LPO ya vitu vya elfu thelathini. Mzabuni yeye anatoa hela mfukoni, anavuka barabara, jioni boya limefungwa. Kwa hilo tu anamshinda mtu wa serikali, tusidanganyane.

Dawa ni akiba ya vipuri ndani ya stoo. Kwa choo cha matundu 8: maboya 4, vali za chini 4, washa za koki 20, koki 4, hozi za kuunganishia 4, tepu 10 za kuzungushia nyuzi za bomba. Vinunuliwe kwa mkupuo mwanzo wa mwaka wa fedha, fundi achukue kwa kurudisha kile kibovu. Kibovu kisiporudi, hapati kipya.

Mleta Mada
Fundi, basi umenisaidia hoja. Tatizo ni stoo, si nani mwenye kazi.

Fundi Bomba
Nusu nimekusaidia, nusu sikukusaidia. Halafu wazabuni nao wana lao: karo, yaani tangi la majitaka chini ya ardhi. Mkataba ni wa mwaka mmoja, karo inajaa kwa miaka, kwa hiyo kila mzabuni anamwachia mwenzake. Tope likipita theluthi moja ya kina cha maji, linaanza kutoka na kwenda kuziba shimo la kufyonzea maji ardhini. Likishaziba, hata gari la kunyonya halisaidii, unachimba jingine.

Kupima ni rahisi. Chukua mti mrefu, zungushia taulo jeupe mita moja ya chini, ufunge kwa kamba. Shusha polepole mpaka sakafu ya karo, subiri dakika chache, vuta. Sehemu nyeusi iliyong'ang'ania kwenye taulo ndiyo kina cha tope. Usiinamie mdomo wa karo, usiingize kichwa, na usiwe peke yako. Ile hewa inaua.

Wa Nairobi
Huku kwetu mjadala huu ni wa zamani. Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya jiji, ilifungwa 2021 ikarabatiwe, na watu wakakaa muda mrefu bila kuingia. Swali langu kwa wote wawili: mbona pesa ya ukarabati mkubwa hupatikana, lakini ya kubadilisha mnyororo wa bembea haipatikani? Ukarabati una uzinduzi na utepe. Kupaka grisi hakuna anayekukatia utepe.

Mtu wa Zabuni
Hapo umesema, kaka. Ndiyo maana nataka matunzo yawe mkataba wenye kifungu chake cha bajeti. Pesa ya vibarua ndiyo ya kwanza kuhamishwa mapato yakishuka. Mkataba uliosainiwa ukiuvunja unashtakiwa.

Bwana Miti
Kwa miti mtanisamehe, mzabuni simtaki kabisa, au basi alipwe kwa saa. Akilipwa kwa mti, anakata kilele chote, amalize kumi kwa siku. Mti uliokatwa kichwa unachipua matawi mengi yaliyoshikamana na ganda tu, na baada ya masika mbili tatu ndiyo yanayoangukia magari.

Tawi zito linakatwa mara tatu. Kwanza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, theluthi ya unene. Pili kwa juu, mbele kidogo ya hapo, tawi linaanguka bila kuchuna ganda. Tatu kile kisiki, nje ya uvimbe wa shingo ya tawi. Usipake rangi wala oili chafu.

Nikiwa hapohapo: mkrismasi msiupande chini ya mita 5 kutoka kwenye njia ya matofali. Mizizi yake inatambaa juu, inanyanyua matofali yote.

Mleta Mada
Haya, nakubali kufyeka na mapipa viende kwa vikundi kwa kipimo cha mita. Miti, mabomba na bembea vibaki idara. Vyoo bado sijaridhika. Karo alipie nani?

Fundi Bomba
Ipimwe kwa taulo siku ya makabidhiano, wote wawili wasaini kina. Manispaa izuie dhamana ya asilimia 10 ya mkataba mpaka uishe, karo ipimwe tena. Tope likikutwa limepita theluthi, gari la kunyonya linalipwa kutoka kwenye hiyo dhamana, kinachobaki anarudishiwa.

Mtu wa Zabuni
Na akikuta karo imeshajaa siku ya kwanza?

Fundi Bomba
Manispaa inyonye kabla ya kukabidhi funguo.