Naomba ushauri: maji ya dampo yanaelekea kwenye visima vyetu, Tanga

Wakuu, heshima kwenu. Mtaani kwetu, pembezoni mwa jiji la Tanga, kuna dampo linalopokea taka hadi leo. Tangu masika yaanze, chini ya ukingo wake yanachuruzika maji meusi yenye povu na harufu kali, yanashuka bondeni kwenye visima vyetu vifupi. Ardhi ni ya mchanga, maji hayakawii kuzama. Kinamama wanachota pale kila asubuhi, na hilo linaninyima usingizi.

Watu wanaambiana wachemshe tu. Kuchemsha kunaua vijidudu, sawa, lakini madini ya risasi na naitreti (chumvi ya nitrojeni itokanayo na uozo) haziondoki. Maji yakipungua sufuriani ndiyo zinazidi kukolea. Kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha naitreti ni miligramu 50 kwa lita, na ikizidi hapo ni hatari kubwa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Wakaguzi walishafika, wakatazama taka kwa juu, wakaondoka bila kuchukua sampuli ya maji. Kwangu mimi huo si ukaguzi.

Mwenye uzoefu anisaidie: barua tuanzie NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) au ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatupa haki ya mazingira safi na salama, je, tuitaje vipi? Na kwa mchango wetu mdogo tupime nini kwanza, amonia au kloraidi? Nafikiria tuchukue pia sampuli ya kisima kilicho upande wa juu wa dampo, tulinganishe. Mwenyekiti wa mtaa yuko tayari kugonga muhuri.