Mjadala: Picha ya Mars ya Arnold, ilikuwa na haja gani kurudiwa?

Baharia wa Shela
Salaam jamaa. Jana nimeitazama tena Total Recall ya 2012, ya Colin Farrell, nikalala na hasira. Ile ya kwanza, ya Arnold Schwarzenegger ya 1990, steringi anaota sayari ya Mars kila usiku, anaenda kwa kampuni ya Rekall awekewe kumbukumbu za safari ambayo hakuifanya, kumbe yeye ni jasusi aliyefutwa akili. Na yule mama mnene pale ukaguzini, kichwa kinafunguka vipande vipande, ndani Arnold! Hii mpya Mars hawafiki kabisa. Wameweka lifti inayopita katikati ya dunia, kutoka Uingereza mpaka Australia. Sasa walirudia nini?

Binti Langoni
Kaka Baharia, ile ya zamani ni vichekesho. Mtu akitupwa nje huko Mars macho yanamtoka kama ya pweza. Mpya ina polisi roboti wa kutisha kweli, na mji uliopandana nyumba juu ya nyumba. Nyinyi mwapenda ya zamani kwa sababu mliitazama kwenye kibanda cha video mkisimuliwa na DJ kwa Kiswahili. Mlimpenda DJ, picha hamkuiona. Halafu mambo ya anga yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Afadhali hiyo mpya, angalau wanagombania ardhi.

Fundi wa Maweni
Dada, hapo kwa DJ umenichoma. Mimi nilikuwa mtoto, Kizungu sijui, kibanda cha mabati, joto, tumebanana kwenye mabenchi. Bila msimulizi ningejuaje kwamba Cohaagen, yule mtawala, ndiye mwenye hewa yote ya Mars, na akikasirika anawafungia watu wa mtaa wa Venusville wafe kwa kukosa pumzi? Msimulizi wetu alimwita "landilodi". Kibanda kizima kilimzomea yule mtu! Picha tuliiona, na tuliielewa kuliko wengi wanaosoma maandishi chini ya skrini.

Wa Ngomeni
Eti anga haituhusu! Dada wewe wa Lamu, sogea Malindi uulize. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa mbele ya Ngomeni. Ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei, miali isiyoonekana kwa macho, zinazotoka angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akapewa Nobel 2002. Jina lilikuwa letu na bahari ni yetu. Unasema haituhusu?

Binti Langoni
Roketi ya Mmarekani, jukwaa la Mtaliano. Sisi tulitoa bahari na jina. Nitajie kilichobaki mkononi mwa mvuvi wa Ngomeni.

Mwenye Punda Mkomani
Samahani nimechelewa. Hii si ndiyo ile ya polisi wa chuma aliyepigwa risasi akatengenezwa upya?

Baharia wa Shela
Hapana sahibu, hiyo ni RoboCop ya 1987. Mwongozaji ndiye mmoja, Paul Verhoeven. Nayo waliirudia 2014, wakampaka rangi nyeusi. Jamani, swali langu ni la Mars.

Wa Ngomeni
Subiri Baharia, huyu dada hajajibiwa. "Tulitoa bahari" anasema kama kwamba bahari ni kitu kidogo! Tuko karibu na ikweta, dunia yenyewe inaisukuma roketi ikirushwa kuelekea mashariki, na mbele ni maji matupu, vipande vikianguka havimwui mtu. Hawakuja kwa hisani. Walikuja kwa sababu pahali kama hapa ni pachache.

Binti Langoni
Basi umenisaidia. Kama pana thamani hivyo, mbona hesabu yake hatuioni?

Mama wa Gongoni
Wanangu, Binti alitaja ardhi mkamrukia na roketi. Mimi ile mpya niliitazama na vijana wangu. Vita vya sumu vimeharibu dunia, zimebaki sehemu mbili za kuishi. Wenye nafasi wako Uingereza, vibarua wako Australia, kila siku wanapanda ile lifti kwenda kazini. Steringi anafanya kazi kiwandani, anaunganisha roboti zilezile zitakazotumwa kwao kuwatoa ili ardhi ichukuliwe. Nilinyamaza kimya. Huku Magarini tuko na watu waliozikia babu zao mahali wanapoitwa maskwota leo. Picha hiyo kwangu haikuwa upuuzi, Mars iwemo isiwemo.

Fundi wa Maweni
Mama, shikamoo. Lakini roboti hizo zina kompyuta nyingi. Ya 1990 vile vinyago vilitengenezwa kwa mkono, hata Oscar ya picha za ajabu walipewa. Na Binti bado hajaniomba radhi kuhusu kibanda.

Binti Langoni
Sikuombi radhi. Nilisema mlisimuliwa, nawe umekiri mlisimuliwa.

Baharia wa Shela
Alichosema Mama ni kizito. Bado nashikilia: hewa ilitosha. Mtu kumiliki hewa ya mwenzake, hakuna dhuluma inayozidi hiyo, na mwisho barafu inayeyuka hewa inamfikia kila mtu bure. Mpya haikunipa kitu kama hicho.

Wa Ngomeni
Roketi ya mwisho kutoka hapa ilikuwa 1988. Majukwaa yamesimama baharini mpaka leo, ukiwa ufuoni unayaona. Wakitaka kuirudia Mars mara ya tatu waje wapigie picha hapa, vijana wetu wapate kazi.

Binti Langoni
Kibarua atalipwa shilingi ngapi kwa siku, na mkataba utasainiwa na nani? Hilo nijibu kwanza, kaka, kabla hujawakaribisha.