MREJESHO: Namba za NIDA zilizogoma kufunguka baada ya kusimbwa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu mfumo wa SACCOS yetu: nilisimba namba za NIDA za wanachama (yaani kuzigeuza ziwe maandishi ya siri) kwa Crypt, zana ya usimbaji ya Laravel tuliyojengea mfumo, kuzifungua zikagoma.

Aliyesema nipime upana wa safu ya hifadhidata inayotunza namba hizo alipatia kabisa. Ilikuwa VARCHAR(50), yaani mwisho herufi 50, na namba ya tarakimu 20 ikishasimbwa inazidi herufi 200. Kwa kuwa niliizima mwenyewe strict (hali inayokataa data isiyoenea kwenye safu), MySQL, hifadhidata yetu, ilikuwa inakata mkia kimyakimya. Nimeweka TEXT, aina ya safu yenye nafasi kubwa, nikairudisha strict, na sasa kila namba mpya inafunguka. Zile 41 zilizokatwa hazikurudi. Tumezijaza upya kutoka kwenye fomu za karatasi, siku mbili nzima na karani.

Kutafuta mwanachama nimefuata ushauri wa safu ya pili yenye HMAC-SHA256 (alama isiyobadilika inayotengenezwa kutoka kwenye namba kwa ufunguo wa siri), ufunguo wake tofauti. Inampata kwa namba kamili tu. Kutafuta kwa tarakimu za mwanzo ndiyo basi tena, hilo bado linanisumbua. Nakala ya APP_KEY, ufunguo wa siri ambao Laravel inautumia kusimba na kufungua, nimeihifadhi nje ya seva, maana ikipotea hakuna kinachofunguka.

Asanteni sana, mmeniokoa.