Nawafundishaje watoto wa miaka kumi safari za ndege wahamao?

Mwalimu Chaki: Salaam, walimu wenzangu. Wiki ijayo nina vipindi viwili vya ndege wahamao. Mwaka jana nilitundika ramani, nikachora mishale, wakanakili, basi. Nilipouliza kwa nini mbayuwayu huondoka Ulaya, darasa zima likaitikia "Baridi!" Safari hii nataka waguswe. Nianzie wapi?

Mama Korongo: Mwalimu, ramani iweke kando kwanza. Mimi huanza na mkuki. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, alipatikana korongo mweupe mwenye mkuki wa Kiafrika uliompenya shingoni. Alikuwa ameruka nao safari nzima! Enzi hizo wako walioamini kwamba ndege wengine hujificha matopeni majira ya baridi. Korongo huyo amehifadhiwa hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock. Simulia mpaka hapo, kisha nyamaza. Maswali yatakuja yenyewe.

Halafu wape uzito mkononi. Mbayuwayu ana gramu 20 hivi, basi mimi hufunga mchanga wa uzito huo kwenye kitambaa, kinapita mkono kwa mkono. Binti mmoja alikifumbata akanong'ona, "Huyu ndiye anayevuka Sahara?" Siku ile sikuhitaji kumnyamazisha mtu.

Na hilo jibu la "baridi" lichimbue: kinachomwondoa hasa ni njaa. Yeye hula wadudu warukao, na baridi ikiingia hao hutoweka.

Babu Kinamasi: Kwenye uhifadhi usiishie "tusiue ndege". Chora uwanjani vituo vitano, yaani vinamasi vya kutua njiani, watoto "waruke" kutoka kimoja hadi kingine. Kila raundi futa kimoja: hiki kinamasi kimekaushwa, kile kimejengwa. Anayekosa nafasi anakaa chini. Wakianza kusukumana, simamisha mchezo mzungumze.

Kitwitwi: Wapo wasiotua kabisa, Babu. Mwaka 2022 kinda mmoja wa jamii ya vitwitwi aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11 mfululizo.

Babu Kinamasi: Kweli, na huyo ndiye anayehitaji zaidi ufuko wenye chakula kabla ya kuondoka. Anasafiri na mafuta ya mwilini tu.

Mwalimu Chaki: Asanteni sana. Mchanga nimeshaupima. Babu, waliokaa chini wanarudi mchezoni?

Babu Kinamasi: Wanarudi, ila waambie wao wenyewe wachague kinamasi cha kurudisha, na waeleze watakitunzaje.