Jiko la Kiponda

[Kikundi: Ukoo wa Bi Zuwena]

ALHAMISI

Maryam: Asalaam alaykum wote. Naleta picha mbili, mzitazame vizuri msije mkasema hamkuambiwa. Ya kwanza ni dari ya chumba cha chini, pale chini ya jiko. Vuli iliyopita doa lilikuwa kwenye kona tu, sasa limetambaa mpaka boriti ya tatu, na moja ukiichoma kisu kinazama. Ya pili ni ukuta wa nyuma ya sinki. Lipu inavuliwa kwa mkono.

Salma: Waalaykum salaam. Yarabi toba. Na Mama anapita hapo chini?

Maryam: Kila siku, Shangazi. Njia ya chooni ndiyo hiyo.

Nassor: Nshasema zamani jiko hilo limepitwa na wakati. Huku Maskati kwa jamaa yangu jiko limefunguka mpaka ukumbini, kaunta katikati, viti virefu, mwanga tele. Tubomoe ule ukuta wa kati, tutie makabati mapya, nyumba ipumue.

Mwanaisha: Viti virefu, Ami? Bibi atapanda kwa ngazi? 😂

Haroub: Tuzungumze kwa utaratibu. Khamis yupo? Yeye ndiye mtu wa majengo.

Khamis: Nipo, Mjomba. Nilikuwa juu ya jukwaa kazini.
Mjomba Nassor, ukuta ule usiguswe. Dari yote ya jikoni imeukalia. Vyumba vya mjini vyembamba hivyo kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya kama mita tatu, kwa hiyo kila baada ya hapo pana ukuta mnene wa mawe na chokaa wa kuibeba. Ukiutoa umeteremsha ghorofa. Na upande wa pili tumeshikana na jirani, hatuanguki peke yetu.

Nassor: Si kuna boriti za chuma siku hizi?

Khamis: Zipo, kwa mhandisi na kwa kibali. Mji Mkongwe wetu huu wa Zanzibar umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kubomoa ukuta kimyakimya, Mamlaka ya Mji Mkongwe wanataka mchoro kwanza. Na hata wenye kibali hupatikana na makubwa. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 mafundi wamo ndani.

Salma: Basi Nassor, viti virefu hivyo tuviweke kwako.

Maryam: Mie sina haja ya viti. Ngojeni niseme yangu, kwa sababu anayepika humo kila siku ni miye.
Mfereji unavuja. Fundi bomba akija anafunga upande huu, maji yanatokea upande ule. Soketi ni moja, imebeba friji, brenda na birika. Juzi nasaga nazi, nikanusa waya unaungua. Dirisha ni dogo, na Bibi akiwasha mkaa sisi wengine tunatoka machozi mpaka chumba cha watoto. Meza iko chini, nikimaliza kukata mgongo haunyooki. Mnaposema tutengeneze jiko mnafikiria makabati. Mie nafikiria nani ataanguka kwanza, dari au mtu.

Mwanaisha: 👏👏 Dada kasema.

Khamis: Maryam, umezitaja zote. La maji ndilo baba yao.
Nyumba hizi zilipojengwa hakukuwa na mfereji ghorofani. Maji yalipandishwa kwa mitungi, yakatumika kwa kiasi. Baadae tukapandisha bomba, tukatia sinki juu ya boriti, tukataka mbao ya mkoko ikae na maji yanayodondoka usiku na mchana. Haikai. Halafu ule ukuta umepigwa lipu ya saruji. Jiwe la matumbawe linanyonya unyevu, na chokaa inauachia utoke taratibu. Saruji inauziba ndani, chumvi inasukuma, lipu inabanduka. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake ndiyo umemaliza kazi.

Haroub: Ile saruji fundi alisema itadumu maisha.

Salma: Maisha ya nani hakusema.

Khamis: Ibanduliwe yote, ukuta uachwe ukauke, utomewe, yaani mianya ijazwe, na kupigwa lipu ya chokaa. Haina haraka. Na umeme wa jikoni uwe na njia yake kutoka kwenye mita, na swichi yake ya kujizima. Birika peke yake linakula karibu wati 2,000, huwezi kulitia pamoja na friji kwenye waya uliowekwa kwa ajili ya taa mbili.

Haroub: Na hilo la moshi tusilipite. Mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia. Wanataka ifikapo 2034 watu asilimia 80 wawe wameacha kuni na mkaa. Mkaa jikoni mlimofungwa dirisha una hewa ya sumu isiyo na harufu, si moshi tu.

Bi Zuwena: 🎤 [sauti, Maryam kaiandika] "Nimesikia. Haroub, mwanangu, hao themanini Mungu awabariki. Mie nimo kwenye ishirini iliyobaki."

Mwanaisha: 🤣🤣🤣🤣

Nassor: Mama kamaliza kikao.

Bi Zuwena: 🎤 "Msinicheke. Gesi naijua, chai napikia gesi. Lakini wali usiopaliwa makaa juu ya kifuniko, huo ni uji mkavu. Na mkate wa kumimina unataka moto juu na chini. Mkiniondolea mkaa Ramadhani hii futari mtakula kwa wenzenu."

Salma: Mama hakuna anayekuondolea mkaa.

Maryam: Tunautafutia pahala pengine tu, Bibi.

IJUMAA

Khamis: Jumaa Mubarak. Usiku nimewaza jambo, msinirukie.
Kwa nini tunang'ang'ania jiko kubaki juu? Kile chumba cha uani, karibu na kisima cha zamani, sakafu yake ni ardhi. Maji yakimwagika hayana boriti ya kuozesha. Mfereji mkuu unapita pale pale, karo liko hatua chache. Mtungi wa gesi unakaa nje uani, na hiyo ni salama zaidi, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kujikusanya chini. Iwe mahali inapoweza kutoka. Mkaa wa Bibi unawekwa chini ya kibanda cha uani, moshi unakwenda zake juu. Na Bibi hapandi ngazi.

Maryam: SubhanAllah. Goti la Bibi peke yake linatosha kuwa sababu.

Haroub: Wazo jema. Masika je? Uwa ule ulikuwa ukijaa maji.

Khamis: Tunanyanyua sakafu ya jiko kipandio kimoja, na mchirizi wa uani unazibuliwa. Umeziba kwa majani na magunzi, si kwamba ardhi haina mteremko.

Nassor: Kwa hiyo juu patabaki nini?

Khamis: Chumba kikavu. Boriti mbovu zibadilishwe, kiwe cha kulala wageni. Wewe ukija, Mjomba.

Bi Zuwena: 🎤 "Nimekusikia Khamis. Goti ni kweli. Lakini pale juu ndipo penye dirisha langu. Nikisonga ugali naongea na mwenzangu wa nyumba ya pili, tunaombana chumvi kwa kamba na kikapu. Nikishuka uani nitaongea na nani, na paka?"

Maryam: Hapo Bibi kanishinda.

Salma: Mama, mwenzio naye miguu ina hali gani? Si ndiyo hiyo hiyo. Yeye ateremke, aingie uani, mkae kwenye jamvi, mchambue mchele pamoja. Kikapu kipumzike.

Bi Zuwena: 🎤 "Nitamuuliza."

Mwanaisha: Hiyo ni ndiyo jamani. Bibi akisema hapana husema hapana.

Maryam: Basi tuseme vya ndani. Nataka vimo viwili. Meza ya kusimama, sentimita 85 au 90 hivi, na kijukwaa cha chini cha Bibi, akae kwenye mbuzi akune nazi miguu ikiwa imenyooka. Msinipangie jiko la mtu mmoja.

Nassor: Makabati basi niachieni mie. Nalipa mwenyewe, yale meupe yanayong'aa.

Khamis: Mjomba nakushukuru, lakini yale ni ya bodi ya unga wa mbao. Chumba cha chini kwenye ukuta wa mawe yatavimba, nyuma yake kuota kuvu. Mle ndani ukutani mna mashubaka manne mazuri, zile nafasi za kuwekea vitu, yamezibwa kwa vitu tu. Tukiyasafisha na kuyapaka chokaa ndiyo makabati ya sahani. Chini tujenge rafu za uashi, milango ya mbao iwe na matundu ya kupitisha hewa. Pesa yako iende kwenye waya na boriti.

Nassor: Pesa yangu iende kwenye kitu kisichoonekana?

Haroub: Ndugu yangu, nyumba ya mirathi. Fungu letu lote limo kwenye hizo boriti usizoziona.

Nassor: Haya bwana. Nimeelewa.

Salma: Mie nitatoa ya lipu na chokaa. Haroub?

Haroub: Mbao za milango nitaleta kutoka Wete, najua seremala. Na barua ya kibali nitaiandika mie, Khamis anipe mchoro.

Mwanaisha: Mie niko chuo, naleta dua na sinki. Sinki la chuma la mabakuli mawili, nimeona bei nzuri hapa Dar.

Maryam: Na Ramadhani? Tusije tukafuturu na vumbi.

Khamis: Kabla ya Ramadhani tufanye matatu: mfereji wa juu ufungwe leo, dari iwekewe nguzo za kuishikilia, na waya mpya ushuke uani. Gesi na mkaa vitaanza kutumika pale pale hata kuta hazijapigwa lipu. Chokaa na milango baada ya Idi, chokaa haipendi kuharakishwa.

Maryam: Mfereji nishaufunga. Nachota maji uani kwa ndoo. Limebaki moja, sijui nani atalisema.

Salma: Lisemwe.

Maryam: Kile chumba kimejaa mizigo ya Ami Nassor. Mlango unafunguka nusu.

Nassor: Mizigo gani? Ni vitu vichache.

Maryam: [picha]

Mwanaisha: Ami!! Friji mbili, matairi, sanduku la video, na lile kochi!

Nassor: Lile friji la kijivu zima, linataka kujazwa gesi tu.

Mwanaisha: Lilitaka gesi tangu niko skuli ya msingi.

Haroub: Nassor, toa ruhusa.

Nassor: Haya, toeni. Matairi mpeni atakaye, friji fundi aliangalie kwanza. Ila kochi lile msiuze, nililinunua kwa pesa yangu ya kwanza.

Khamis: Jumamosi asubuhi saa mbili, wenye mikono waje. Gari haiingii uchochoroni, tutachukua hamali na mkokoteni mpaka barabarani.

Salma: Kochi gani? Lile jekundu?

Nassor: Ndilo hilo. Kwa nini?

Salma: Nauliza tu.